Maji Yasiyoacha Chumvi: Tafakari juu ya Betri za Eliye Springs

Chemchemi za Eliye, zinazotoka chini ya miinuko ya mchanga katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana na kulisha mikoma iliyosimama kando yake, ni miongoni mwa mahali pachache katika ukanda huo ambapo mtu anaweza kuinama akateka maji matamu bila kuchimba, na kwa sababu iyo hiyo ni mahali ambapo ni rahisi sana kuharibu betri kwa nia njema. Maji hayo hung'aa, hunyweka, na yako karibu. Betri iliyopungukiwa na maji nayo iko karibu, ama chini ya ubao wa boti ya kupelekea wageni Kisiwa cha Kati, ama chini ya kitanda cha gari la safari lenye jiko na malazi ndani, lililotoka Ulaya na kuegeshwa mchangani, ama nyuma ya kibanda cha kuchajia simu. Kati ya kiu ya betri na maji ya chemchemi pana hatua chache tu, na fikra inayostahili kufanyika katika hatua hizo ndiyo kiini cha tafakari hii.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini betri ina uzito mkubwa hivyo katika nchi ya Turkana. Bwawa la Turkwel, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106, liko katika mpaka wa Turkana na Pokot Magharibi, lakini njia yake kuu ya umeme ilielekezwa Lessos, nyanda za juu, huku mji wa Lodwar ukiendelea kutegemea mitambo ya dizeli. Upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 hupeleka umeme wake hadi Suswa, kusini sana, kwa nyaya zinazopita juu ya maboma ambayo usiku huwasha kurunzi. Si lengo la makala haya kuamua kama mgawo huo wa umeme ni wa haki, ingawa ni vigumu kuutaja bila kutikisa kichwa. Linalohitajika ni kuelewa kwamba kwa mvuvi wa Eliye, kwa kinyozi wa Kakuma na kwa mwenye duka wa Kalobeyei, umeme ulio wake hasa ni ule uliolazwa ndani ya sanduku la plastiki lenye mabamba ya risasi, na kwamba sanduku hilo likifa mara nyingi hakuna gridi ya kukimbilia.

Betri inayozungumziwa hapa ni ile ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo kimsingi haijabadilika tangu hapo. Ile ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti mbili, na ndani ya kila chumba mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi yamezamishwa katika elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha umeme, ambacho hapa ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi huingia katika mabamba na kuyatandazia salfeti ya risasi, ambayo ni chumvi nyeupe isiyopitisha umeme, na kimiminika kinachobaki huwa chepesi na kukaribia maji matupu. Inapochajiwa, salfeti huvunjika, asidi hurudi ilikotoka na kimiminika huwa kizito tena. Ndiyo maana fundi mwenye haidromita, kile kibomba cha kioo chenye kielea ndani na mpira wa kunyonyea juu, anaweza kusoma afya ya kila chumba peke yake: kielea hupanda hadi karibu 1.265 katika chumba kilichojaa chaji na kuzama kuelekea 1.120 katika chumba kilichokwisha, na pale chumba kimoja kinapotofautiana sana na vitano vingine, mgonjwa amejulikana.

Salfeti inapomalizika kuvunjwa na umeme ukaendelea kuingia, umeme huo hauna kazi nyingine ya kufanya ila kuyavunja maji yenyewe kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, ambazo hupanda kwa vipovu na kutoka katika matundu ya vifuniko. Mafundi husema betri inachemka, na ingawa haichemki kwa maana ya sufuria, msemo huo unatosha. Hesabu yake ni ya kemia ya kawaida: kila ampea moja inayopita kwa saa moja katika betri iliyokwisha kujaa huvunja takriban theluthi moja ya gramu ya maji katika kila chumba, yaani gramu mbili katika vyumba sita. Paneli ya wati 100 hutoa ampea tano hivi jua linapokuwa kali. Ikiunganishwa moja kwa moja na betri bila kidhibiti chaji, kifaa kidogo kinachopunguza umeme betri inapojaa, na betri ikajaa mapema na kuachwa hivyo saa mbili kila siku, gramu ishirini za maji hutoweka kwa siku na zaidi ya nusu lita kwa mwezi. Kwa betri ya kiasi cha ampea-saa 100, nusu lita ndiyo karibu akiba yote iliyo juu ya mabamba. Mwezi wa pili, ncha za mabamba hukaa hewani, hukauka na kushika salfeti ngumu, na sehemu hiyo haitarudi kufanya kazi hata betri ikimwagiwa mto mzima.

Joto huharakisha yote hayo. Mchana wa Lodwar mara nyingi hufika nyuzi 35 za selsiasi au kupita, na ndani ya kisanduku cha bati au chini ya sakafu ya gari lililosimama juani hali huwa mbaya zaidi. Kanuni inayokubaliwa na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi kumi zinapoongezeka, umri wa betri hupungua kwa nusu, hivi kwamba betri iliyotarajiwa kuishi miaka sita katika nyuzi 25 hushukuriwa ikifika mitatu katika nyuzi 35. Aidha, kiwango cha volti ambacho maji huanza kuvunjika hushuka kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kipimo cha kuchajia kinapaswa kushushwa kwa takriban theluthi moja ya volti betri inapofika nyuzi 40. Msafiri aliyepanga chaja yake katika baridi ya Ujerumani, akaja nayo mpaka Eliye bila kuigusa, anachemsha betri zake kila siku huku kioo cha chaja kikimwambia kwamba mambo ni sawa. Chaja bora zina waya wa kupima joto unaobandikwa ubavuni mwa betri. Mara nyingi waya huo hubaki umekunjwa ndani ya mfuko wake tangu siku ya kununuliwa.

Kwamba maji hupungua na lazima yaongezwe ni jambo linalojulikana na wengi. Lisilofikiriwa vya kutosha ni kile kinachobaki nyuma maji yanapoondoka, na hapa mwalimu bora ni ziwa lenyewe. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta zaidi ya asilimia themanini ya maji ya Ziwa Turkana, na mito ya Turkwel na Kerio huongeza sehemu ya yaliyosalia, lakini hakuna mto wowote unaotoka. Njia pekee ya kutokea ni angani, ambako jua na upepo hunyanyua zaidi ya mita mbili za kina kila mwaka. Maji huondoka, chumvi haziondoki. Kwa maelfu ya miaka mito mitamu imeingia humo na kuacha kidogo kidogo magadi, kloridi na floridi, mpaka ziwa likawa la chumvichumvi, lenye ukali wa magadi unaozidi kiwango cha 9 katika kipimo cha pH, ambacho 7 ndiyo katikati yake. Kila chumba cha betri ni ziwa la namna hiyo: kina mlango wa kuingilia maji, na njia pekee ya kutokea ni ya gesi. Chochote kilichoyeyuka ndani ya maji yaliyotiwa kitabaki humo mpaka betri itakapovunjwa.

Kwa hiyo swali la msingi halihusu ladha ya maji, kwa kuwa ulimi wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Betri inayotiwa nusu lita ya maji ya chemchemi kila mwezi itakuwa, mwishoni mwa mwaka, imekusanya chumvi za lita sita, yaani kiasi kinachokaribia kimiminika chake chote, na ni sawa na betri ambayo elektroliti yake ilikorogwa tangu mwanzo kwa maji ya ardhini. Kloridi hula fremu za risasi zinazoshikilia mabamba chanya. Chuma, hata kikiwa kidogo sana, husafiri kati ya bamba chanya na bamba hasi na kuifanya betri ijimalize yenyewe ikiwa imepumzika, jambo ambalo mwenye boti hulieleza kwa kusema kwamba aliiacha imejaa jana na leo haiwashi mashine. Kalisi hufungamana na asidi na kuwa jasi, unga unaotua chini na juu ya mabamba. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana siku ya kwanza, na ndiyo sababu anayetia maji ya chemchemi huamini kwa miezi mingi kwamba wanaomwonya wanatafuta kumuuzia chupa.

Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena na kuziacha chumvi zake nyuma, au yale yaliyochujwa kwa mitambo ya kuondoa ayoni zote. Maji yaliyochemshwa sufuriani hayamo katika kundi hilo, ingawa imani kwamba yamo imeenea sana: kuchemsha huua vijidudu, ambavyo betri haina habari navyo, na huondoa sehemu ya maji huku kukiziacha chumvi nyingi zikiwa katika maji machache zaidi. Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini, mara nyingine yameongezwa makusudi ili yawe na ladha. Maji ya visima vya Kakuma, vilivyochimbwa kandokando ya mto wa msimu wa Tarach, hunywewa na watu na mifugo lakini yana madini ya ardhi ile. Nchi ya Turkana ilikwisha kupata somo kubwa kuhusu tofauti kati ya wingi wa maji na ubora wake: mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya uwanda wa Lotikipi, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka angani katika chombo safi cha plastiki yanakaribia kufaa, ila katika nchi inayopata chini ya milimita 250 kwa mwaka hayo ni ya bahati. Yale yanayodondoka kutoka viyoyozi vya ofisi za Lodwar yametokana na mvuke wa hewa na ni bora mara nyingi kuliko ya kisima, lakini hupita juu ya mapezi ya alumini na mabomba ya shaba yenye vumbi, kwa hiyo ni msaada wa siku ya dharura, si mazoea ya kujengwa.

Madukani husimama chupa mbili zinazofanana, moja ya maji yaliyokenekwa na nyingine ya asidi iliyokwisha kuchanganywa, zote zikiwa na kimiminika kisicho na rangi, na mnunuzi akiomba tu kitu cha kutia katika betri anaweza kupewa yoyote kati yake. Kosa la kuongeza asidi mahali pa maji linatendwa mara nyingi kuliko linavyokubaliwa, kwa sababu matokeo yake ya mwanzo yanapendeza: betri dhaifu hupanda volti na kuonekana imepata uhai. Lakini asidi haikupungua. Iliyo ndani imejificha katika salfeti ya mabamba, na ikirudi wakati wa kuchaji itakutana na ile iliyoongezwa, na mchanganyiko mkali utakaotokea utakula mabamba yale yale yaliyodhaniwa kuponywa. Asidi huongezwa pale tu ilipomwagika, kwa mfano betri ilipopinduka ndani ya boti, tena kwa haidromita mkononi.

Kazi yenyewe ni fupi, na uzuri wake ni kwamba inaweza kuonekana kwa macho. Betri husafishwa juu kabla ya kufunguliwa, ili mchanga wa Eliye usiingie ndani, na ule unga wa buluu na mweupe unaoota kwenye ncha huoshwa kwa maji yenye magadi, ambayo huutuliza ukali wa asidi kwa povu. Vifuniko viwe vimefungwa wakati huo, maana magadi yakiingia chumbani yatafanya ndani kile yanachofanya nje. Kisha vifuniko hufunguliwa na kila chumba huchunguzwa kwa tochi ya umeme, kamwe si kwa njiti ya kiberiti, kwa kuwa haidrojeni ikifika asilimia nne tu katika hewa hulipuka kwa cheche. Chini ya kila tundu mna shingo ya plastiki inayoshuka ndani. Kimiminika kinapofika ukingo wake wa chini, uso wake hujikunja na kufanya duara linalong'aa mfano wa mboni ya jicho, na hapo ndipo pa kukomea. Jambo linalosahauliwa ni mfuatano: betri huchajiwa kwanza ndipo ikaongezwa maji, kwa sababu kimiminika huvimba wakati wa kuchaji, na aliyejaza mpaka juu kabla ya kuchaji atakuta asidi imefurika juu ya sanduku na kutiririka mchangani. Ila mabamba yakiwa wazi, hufunikwa kwanza kwa maji kidogo tu, kisha kuchaji, kisha kujaza. Katika joto la Turkana ukaguzi wa kila mwezi haupaswi kuonekana kuwa mwingi, na betri mpya za gari zinazochajiwa na paneli isiyo na kidhibiti zingestahili kutazamwa kila wiki mbili.

Betri za boti, za gari la safari na za kibanda hazifi kifo kimoja. Ile ya boti hutikiswa na mawimbi yanayosukumwa na upepo mkali wa mashariki, na mtikiso huo, pamoja na adha zake, huikoroga asidi isitue chini. Ile ya kibanda cha Kakuma hukaa imetulia miezi mingi, asidi nzito ikishuka chini na kuacha maji mepesi juu, hivi kwamba sehemu ya chini ya mabamba hushika salfeti ngumu na ya juu hukosa asidi ya kufanyia kazi, na hiyo huhitaji mara kwa mara chaji ndefu ya volti za juu kidogo, chini ya uangalizi, ili vipovu viukoroge mchanganyiko. Ile ya gari huteswa na barabara. Mchanga uliokunjamana kama bati kati ya Lodwar na ziwani huangusha unga kutoka mabambani, na unga huo ukijaa chini huunganisha mabamba chanya na hasi. Gari, zaidi ya hayo, lina hatari ambayo boti ya wazi haina: watu hulala juu ya betri, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na tundu la kupitishia gesi nje limezibwa na mzigo.

Watajibu wengi kwamba dawa ya yote haya ni betri zilizofungwa, zisizohitaji maji, au zile za lithiamu. Jibu hilo lina ukweli wake, na palipo na fedha za kutosha na kivuli cha kutosha linaweza kuwa sahihi. Lakini betri iliyofungwa ikichajiwa kupita kiasi katika joto hufungua vali yake na kupoteza maji vilevile, tofauti ikiwa kwamba hakuna tundu la kuyarudishia; na ile ya lithiamu nayo haipendi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 hivi, na hugharimu fedha ambazo mvuvi hana. Mfano wa kifaa kilichozidi uwezo wa mahali uko karibu na Eliye: huko Kalokol kilijengwa kwa msaada wa Norway kiwanda cha kugandisha samaki ambacho kilifungwa muda mfupi baada ya kuanza, kwa kuwa umeme wa majokofu na maji safi yaliyohitajika yalikuwa ghali kupita uwezo wa mahali pale. Kifaa ambacho fundi wa mahali anaweza kukifungua, kukitazama ndani na kukiongezea kilichopungua kina thamani ambayo bei ya dukani haiitaji.

Betri inayokufa mapema haiishii Turkana. Risasi yake ina soko, na hivyo hubebwa kusini pamoja na vyuma chakavu kwenda kuyeyushwa, wakati asidi yake mara nyingi imekwisha kumwagwa ardhini ili kupunguza uzito. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na kupata sumu ya risasi, walipigania haki yao wakiongozwa na Phyllis Omido, aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kila mwaka unaoongezwa katika uhai wa betri kwa chupa ya maji sahihi ni mwaka ambao risasi hiyo inakaa ndani ya sanduku lake, mbali na damu ya watoto.

Hata upungufu wa maji sahihi si hukumu ya jangwa. Sanduku la mita moja ya mraba lililopakwa rangi nyeusi ndani, likatiwa maji ya chumvi na kufunikwa kwa kioo kilichoinamishwa, hukeneka lita tatu au zaidi kwa siku katika jua kali, kwa kuwa mvuke hupanda, hugota kwenye kioo na kuteremka katika mfereji ukiwa maji matupu; kwa kiasi cha nusu lita kwa mwezi kwa kila betri, sanduku moja linaweza kuhudumia betri zaidi ya mia moja, na malighafi yake inaweza kuwa maji ya ziwa yenyewe. Vioo vinapatikana Lodwar, mabati yanapatikana Kakuma, na jua halihitaji kuagizwa. Wanaouza na wanaogawa paneli katika nchi hiyo, wawe wafanyabiashara, kaunti au mashirika ya misaada, wasimkabidhi mtu betri ya kufunguka bila kidhibiti chaji, bila chupa ya kwanza ya maji yaliyokenekwa, na bila kumfungulia kifuniko kimoja akaona kwa macho yake mahali maji yanapopaswa kufika.